Mwani na kansa: kuna ukweli au tunauziwa maneno?

Mpwa_wa_Mwisho:
Wakuu habari za saa hizi, naomba msaada kwa wenye uelewa. Mama mkubwa yuko kwenye kemo ya kansa ya titi, kamaliza mzunguko wa tatu, sasa kuna ndugu kamletea kopo la jeli ya mwani na vidonge juu yake, eti vina fukoidani, inapandisha kinga na inaua seli za kansa bila kugusa zilizo nzima. Nimeingia mtandaoni kusoma nikakuta kweli tafiti ni kibao, ndo nikachanganyikiwa kabisa. Ni kitu cha kweli au tunapigwa? Na akichanganya na dawa zake haina shida?

chembehai:
Pole kwa kuuguza mkuu. Yote mawili yapo. Fukoidani siyo ya kutunga, ni sukari ndefu yenye salfa inayokaa kwenye mwani wa kahawia, Msweden Harald Kylin aliitoa tangu 1913. Ukiloweka mwani wa kahawia ule utelezi unaobaki vidoleni, na yenyewe imo humo. Na kwenye kisahani cha maabara ukizimwagia seli za kansa, nyingi zinajiua zenyewe, hilo wameliona mara nyingi tu. Ila jamani kwenye kisahani hata chumvi ukizidisha seli zinakufa! Mtu akimeza ni habari nyingine, hiyo molekuli ni kubwa mno, inayopenya utumbo hadi kwenye damu ni kidogo sana. Majaribio kwa wagonjwa yapo lakini ni ya watu wachache, na mengine yalikuwa yanapima kama uchovu wa kemo unapungua, siyo kama uvimbe unaisha. Hakuna dawa ya kansa iliyopitishwa iliyotoka hapo.

Bi_Mkubwa77:
Mwanangu angalia hilo kopo vizuri, mwani gani? Maana jeli nyingi zinatengenezwa na mwani mwekundu, na mwekundu hauna fukoidani, una karajinani, ile ya kugandishia maziwa na aiskrimu. Kama lebo inasema mwani mwekundu halafu inasifia fukoidani basi aliyeiandika hajui anachouza au anajua sana 😂

Kamote:
Mbona Wajapani wanakula kila siku na wanazeeka vizuri tu?

chembehai:
@Kamote wanaishi miaka mingi kweli, ila kansa ya tumbo kwao iko juu kuliko nchi nyingi, kwa hiyo huwezi kuchukua kitu kimoja kwenye sahani yao ukakipa sifa zote. Halafu 2010 iligundulika kuna bakteria wa tumboni mwa baadhi yao waliochukua jeni kutoka kwa bakteria wa baharini, jeni za kumeng'enya sukari ya ule mwani wa kufungia wali. Yaani mwani uleule unaweza usifanye kazi sawa tumboni kwako na kwake.

tezi_limenifunza:
Mnasahau madini joto. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 150 kwa siku, na gramu MOJA ya kombu kavu, ule mwani wa kahawia wa Kijapani wa kupikia supu, inaweza kupitisha 2000. Mimi nilikuwa naweka unga wa kombu kwenye supu kila jioni kwa miezi miwili najiona mjanja, nikaanza kusikia baridi muda wote, uso umevimba asubuhi, kupima tezi la shingo limelala kabisa, daktari akauliza unakula nini wewe. Nilivyoacha likarudi taratibu. Na hijiki, mwani mwingine wa Kijapani, msiiguse, ina sumu ya aseniki, Uingereza walishawaambia watu wao waache.

Bi_Mkubwa77:
Na kubwa zaidi, fukoidani inazuia damu kuganda, inafanana na heparini, ile dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda. Kemo yenyewe inashusha chembe sahani, zile za kugandisha damu. Je, kuna dawa ya damu anayotumia?

Mpwa_wa_Mwisho:
Duh. Ndiyo, ana kidonge cha kuzuia damu kuganda, aliwahi kuvimba mguu baada ya mzunguko wa kwanza. Nimegeuza kopo sasa hivi, limeandikwa "mwani asilia wa baharini" basi, aina hakuna, kiasi cha madini joto hakuna. Vijiko viwili kashakula jana. Nimepiga picha kopo na vidonge nimemtumia nesi wa kliniki yake, kasema asiendelee, na kesho twende na kopo lenyewe kabla ya kupima damu. Kazi iliyobaki ni kumwambia huyo ndugu.

Kamote:
Hiyo ndo ngumu kuliko kemo 😅