Mrejesho: ule mgahawa wa Kiitaliano wa Malindi

Wadau, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hamkuwepo: nililalamikia mgahawa mmoja wa Kiitaliano hapa Malindi. Tambi zimerojeka, pizza mbichi katikati, na bili ina ada ya huduma ambayo haimo kwenye menyu.

Asanteni sana kwa ushauri. Nilimfuata aliyesema niagize tambi "al dente" na niongee na meneja kabla ya kula, si baada. Kweli, zilikuja na ugumu kidogo ndani, mchuzi umezishika vizuri. Carbonara, yaani tambi za mchuzi wa mayai, ndiyo imeshindikana: bado wanamimina krimu, wakati ya Roma ni mayai, jibini, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe. Mpishi akasema wateja ndivyo wanavyotaka. Haya basi.

Pizza iko vilevile. Ikija mbichi irudishe, wanaioka tena bila ubishi. Ada ya huduma wanaiondoa, ila mpaka uulize. Na wewe uliyenielekeza kwa yule muuza aiskrimu jirani yao, Mungu akuzidishie. Wageni wangu sasa nawapeleka huko.