MJADALA: Programu za uzamivu (PhD) zinazovuka idara akabidhiwe nani fedha za mradi zikiisha?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo vyuoni kwetu huamuliwa kimyakimya kwa barua ya kurasa mbili, na anayeumia ni mwanafunzi aliye katikati ya tasnifu.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha awamu ya pili ya mradi wa Vituo vya Umahiri kwa Afrika Mashariki na Kusini: vituo 24 katika nchi 8, mratibu akiwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililopo Kampala. Tanzania tulipata vinne. Viwili viko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro: SACIDS, ya magonjwa ya kuambukiza ya binadamu na wanyama, na kile cha udhibiti wa panya na vitambuzi vya kibiolojia. Viwili viko Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha: kimoja cha maji na nishati, kingine cha kilimo, chakula na lishe.

Tazameni hiyo orodha. Hakuna idara moja inayoweza kubeba hata kimojawapo. Anayesoma magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu anamhitaji daktari wa mifugo, mtu wa mikrobiolojia, mtu wa takwimu za milipuko, na daktari wa binadamu ambaye SUA itamwomba Muhimbili. Mradi ulipokuwa hai, kituo kiliwakusanya hao wote kwa sababu kilikuwa na mratibu, mhasibu na fungu lake. Ila mradi huwa na tarehe ya kufungwa, wakati shahada iliyopata ithibati inaendelea kudahili.

Swali langu: baada ya mradi, dhamana ya uendeshaji ihamie wapi? Irudi kwenye idara mojawapo, ichukuliwe na ndaki (chombo kinachounganisha idara kadhaa), iende kurugenzi ya uzamili (ofisi ya chuo inayosimamia shahada za juu), au ibaki kituoni?

Msimamo wangu ni huu. Uendeshaji uende kwenye ndaki yenye maabara, ila mamlaka ya kitaaluma yasiende nao. Kudahili, kupanga wasimamizi, kupitisha mada ya utafiti na kupendekeza watahini kubaki mikononi mwa bodi ya walimu kutoka idara zote zinazofundisha. Ndaki ishike yale yanayohitaji fungu na mhuri: mishahara, vitendanishi (kemikali za vipimo vya maabara), matengenezo ya mashine, posho ya mtahini wa nje. Tukivikabidhi vyote viwili kwa mtu mmoja, baada ya miaka michache programu ya Afya Moja, yaani inayounganisha afya ya binadamu, wanyama na mazingira, itakuwa imegeuka programu ya idara iliyoipokea, na walimu wa idara nyingine watakuwa wameacha kuja.

Karibuni. Naomba hoja, tusitajane majina.

Mratibu mstaafu

Mleta mada, nimewahi kuratibu programu ya aina hii, chuo sitakitaja. Napingana nawe kwenye mzizi.

Unazungumza kana kwamba kituo kilikuwa kivuli cha mradi tu. Mradi ule ulilipa kwa matokeo. Kituo kilipata fedha kikidahili, na zaidi kikidahili wanawake na wanafunzi kutoka nchi nyingine. Kilipata kikichapisha, kikipata ithibati, kikileta mapato kutoka nje. Maana yake kila Jumatatu kulikuwa na mtu anayeuliza, "Sura ya tatu ya yule kijana imefika wapi?" Idarani hakuna anayeuliza. Mkuu wa idara ana wanafunzi mamia wa shahada ya kwanza na walimu wachache. Wa uzamivu kwake ni jina kwenye jedwali.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na najua wakubwa wetu wanaona programu hizi lazima zirejee ngamani, yaani idarani. Lakini hazikuzaliwa idarani. SACIDS yenyewe ipo tangu 2008, kabla ya mradi huu, ikiunganisha taasisi za afya ya binadamu na za mifugo za nchi za kusini mwa Afrika. Kituo kiachwe na programu yake, chuo kikipe nafasi mbili za ajira ya kudumu. Nafasi mbili tu! Tunashindwa nini?

Mhasibu, chuo cha umma

Tunashindwa ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, mzee wangu. Ajira ya kudumu chuo cha umma haitoki kwa makamu mkuu wa chuo kupenda. Inaombewa kibali serikalini, na inaombewa kwa muundo uliopo. Kituo ambacho hakimo kwenye muundo wa chuo hakina kifungu. Mkataba wa mtu wa mradi ukiisha, umeisha.

Nawaambia na la pili, ambalo walimu hawalipendi. Programu ikivuka idara tatu, ada inaingia akaunti moja. Wakati wa mradi hakuna aliyegombea ada kwa sababu fedha ya mradi ilikuwa kubwa kuliko ada. Mradi ukifungwa, ada ndiyo inabaki, na hapo ndipo idara zinakumbuka nani alifundisha saa ngapi. Mgawanyo usipoandikwa kabla ya kuhamisha, mtaandikiana barua hadi mtakapostaafu.

Mwanafunzi wa uzamivu

Shikamooni wakubwa. Nitasema kwa ufupi.

Programu yetu ilihamishwa nikiwa mwaka wa pili. Ofisi ya zamani ikasema faili langu limeshaenda, ofisi mpya ikasema halijafika. Msimamizi wangu wa pili alikuwa idara nyingine. Saa za kunisimamia zikawa hazihesabiwi tena kwenye mzigo wake wa kazi, naye anahitaji hizo saa kwa ajili ya kupanda cheo. Hakunikataa, ila alianza kukosa nafasi. Nilikaa muhula mzima bila mtu wa kusaini ripoti yangu ya maendeleo, na bila ripoti hiyo mfadhili hatumi posho.

Mimi sijali dhamana iko kwa nani. Naomba waliokwisha kudahiliwa wamalize chini ya kanuni walizoingia nazo, na saa za msimamizi zihesabiwe popote anapofundisha.

Mleta mada

Pole sana, mdogo wangu. Hilo la saa za msimamizi ndilo linaloua programu hizi, na halionekani kwenye barua yoyote ya uhamisho. Mwalimu ni wa idara yake, hupimwa na idara yake, na mkuu wa idara hana sababu ya kumruhusu afanye kazi inayohesabika kwa mwingine.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha California kule Davis wamekaa na tatizo hili miongo kadhaa. Wana kitu wanachokiita makundi ya uzamili. La ekolojia linajulikana sana. Mwalimu ameajiriwa na idara yake, lakini shahada ni ya kundi la walimu kutoka idara mbalimbali, na kila kundi limepangiwa mkuu mmoja wa kitivo anayewajibika kulipatia rasilimali. Hapo nilipochota wazo langu: fedha mahali pamoja, maamuzi ya kitaaluma mahali pengine.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Ndugu zangu wa Tanzania, kuweni macho na namna uamuzi unavyotangazwa. Chuo Kikuu cha Nairobi, Julai 2021, Baraza la chuo lilifuta mfumo wa ndaki na kupunguza vitivo kutoka 35 hadi 11. Hoja ya kupunguza gharama ilikuwa na uzito, mimi mwenyewe niliikubali. Lakini uamuzi ulipotangazwa, mvutano ulifika mahakamani, na walimu wengi waliokuwa tayari kuzungumza wakawa upande wa wapinzani.

Kingine, kwa nini hamtazami serikali yenu? Dawati la Afya Moja Tanzania haliko Wizara ya Afya wala ya Mifugo. Liko Ofisi ya Waziri Mkuu, juu ya wizara zote. Kwa mantiki hiyo programu ingekaa kurugenzi ya uzamili, juu ya ndaki zote.

Mleta mada

Mfano wa dawati umenifikirisha, mkuu, na ni hoja nzito kuliko zote hapa. Bado sikubali. Dawati linaratibu, kuku wakifa kijijini anayekwenda kuchukua sampuli ni mtu wa mifugo. Kurugenzi ya uzamili inaweza kuisimamia bodi, kupokea malalamiko, hata kuamua ndaki mbili zikigombana. Haina jokofu la sampuli wala fundi wa maabara. Mashine ya kusoma vinasaba ikiharibika usiku, kurugenzi itaandika barua kwa ndaki ileile.

Basi nirekebishe pendekezo. Ndaki ibebe uendeshaji, bodi ya walimu ibaki na maamuzi ya kitaaluma, na bodi iripoti kwa kurugenzi badala ya kuripoti kwa Rasi wa Ndaki. Kabla Seneti haijapitisha uhamisho, yawe mezani maandishi matatu: mgawanyo wa ada, namna ya kuhesabu saa za usimamizi, na orodha ya wanafunzi waliopo, kila mmoja na ofisi itakayosaini karatasi zake.

Mratibu mstaafu

Hayo maandishi matatu nakubaliana nayo, na ningeyaomba enzi zangu. Bodi kuripoti kurugenzi, nakubali pia. Nabaki palepale kwenye ndaki. Rasi anayeshika fedha atakuwa anashika udahili, hata kama kanuni inasema vingine, kwa sababu bodi ikidahili 15 yeye atasema ana vitendanishi vya 6. Niambie bodi yako itafanya nini siku hiyo.

Mhasibu, chuo cha umma

Idadi ya kudahili na bajeti ya maabara zipitishwe kwenye kikao kimoja, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Zikitenganishwa, mzee yuko sahihi.