Mashine hii kongwe ya kukata nyasi ni ya Marekani kweli?

Mrithi:
Ndugu zangu, naomba msaada. Nimerithi mashine ya kukata nyasi yenye silinda ya visu sita vilivyopinda, roli ya chuma, na injini ya petroli iliyoandikwa Briggs & Stratton, Milwaukee. Kwa sababu ya maandishi hayo niliamini kwamba yote ni ya Marekani, mpaka nilipokwangua grisi iliyoganda ubavuni nikakuta herufi zilizoinuka juu ya chuma, "PAT. No.", zikifuatwa na tarakimu sita zinazoanza na 3. Bamba la jina limeng'olewa, na bolti zake zinakataa spana zangu zote, za milimita na za inchi. Sitaki kuipaka rangi isiyo yake.

Mzee wa Karakana:
Mwanangu, injini isikupotoshe, kwani viwanda vingi vya mashine hizi vilinunua injini kwa watengenezaji wengine, na injini ikichoka mwenye mali hufunga yoyote aliyoipata. Namba ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa, ndiyo hiyo "PAT. No.", ndiyo yenye uzito. Marekani ilitoa namba za tarakimu sita zinazoanza na 3 kati ya 1884 na 1889, wakati ambapo hapakuwa na mashine ya nyasi ya petroli, na kampuni ya Briggs & Stratton yenyewe ilianza 1908. Uingereza ilianza mfululizo mpya kwa 100,001 mwaka 1916, na kwa hesabu hiyo namba yako inaangukia mwishoni mwa miaka ya 1920 au mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kagua kitako cha injini kama kina matundu ya ziada, dalili kwamba injini ilibadilishwa.

Hesi na Nati:
Nakubaliana na mzee, ila hataza hutaja nchi iliyosajili uvumbuzi, si lazima kiwanda kilikojengwa. Bolti zako nazo zinanukia Whitworth, mfumo wa zamani wa Uingereza wa bolti na hesi (mistari inayozunguka bolti), ambao spana zake huhesabiwa kwa unene wa bolti, si upana wa kichwa. Tafuta bolti ya nusu inchi, kwa kuwa ndogo zake hudanganya: ya robo inchi ina hesi 20 kwa inchi katika Whitworth na vilevile katika mfumo wa Marekani. Ya nusu inchi ina 12 kwa Whitworth na 13 kwa Marekani. Hata hivyo Australia nayo ilitumia Whitworth, kwa hiyo usiandike "Uingereza" kwa ushahidi huo peke yake.

Mrithi:
Nashukuru sana. Bolti ya nusu inchi kwenye ekseli ya roli ina hesi 12; nimezihesabu mara tatu kwa rula na tochi. Kwenye kitako cha injini kuna matundu manne yenye rangi ya kijani iliyozeeka hadi ndani, na mengine manne yaliyotobolewa baadaye, ambayo ndani ni chuma kitupu, na injini imefungwa kwenye haya ya pili. Injini naiacha ilipo. Kijani hicho kitanipa rangi ya kuanzia, na sasa natafuta hati ya hataza yenyewe nisome jina la mwombaji.