Nimelipia oveholi ya RX-8, nimerudishiwa injini ile ile iliyopakwa silikoni

Wakuu, nimepigwa danadana na hii gereji mpaka nimechoka. Jina lao silitaji kwa sasa maana bado nawadai, ila kazi yao naianika hapa.

Gari ni Mazda RX-8 ya 2005, injini 13B-MSP Renesis, ile rotari ya lita 1.3. Kwa wasioijua: haina pistoni wala valvu. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya hausingi (ganda la injini), na kila ncha ya rota ina apeksi sili, ambayo ndiyo ringi yake. Sili zikilika, au ukuta wa hausingi ukichunika, kompresheni (mgandamizo wa hewa na mafuta) inavuja na injini ndiyo inakufa hivyo.

Langu lilikufa kwa dalili anazozijua kila mwenye hizi gari. Likiwa la baridi linawaka vizuri. Litembeze lipate moto, lizime, halafu jaribu kuliwasha tena. Stata inazunguka wee mpaka taa za dashibodi zinafifia, injini haishiki. Mpaka lipoe. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, haizibi tena upenyo kati ya sili na ukuta, stata nayo ya moto inazunguka kwa uvivu, na kompresheni kidogo iliyobaki haitoshi kuwasha.

Nikalipeleka kwa hawa jamaa wanaojinadi kuwa mabingwa wa rotari. "Bosi, hapa ni oveholi kamili, tunafumua yote, unachukua injini kama mpya." Sawa. Nikalipa hela ya oveholi kamili. Nikaomba vitu viwili, na nikaviandika kwenye makubaliano: nipewe vipimo vya kompresheni injini ikishafungwa, na spea zote zilizotolewa nirudishiwe. Wakasaini.

Siku ya kuchukua gari, vipimo hakuna, spea za zamani hakuna. "Spea tumeshatupa bosi, zilikuwa zinajaza nafasi." Vipimo je? Fundi akachukua geji ya kawaida ya injini za pistoni, akaipachika kwenye tundu la plagi, akapiga stata, mshale ukapanda ukatulia. "Unaona? Iko vizuri."

Hapo ndipo damu ilianza kunichemka. Rota moja ina nyuso tatu, na zote zinapita mbele ya tundu lile lile. Geji ya pistoni inashika namba kubwa kuliko zote na kubaki hapo. Nyuso mbili zikiwa zimekufa na moja nzima, geji itakuonyesha ile nzima na wewe utashangilia. Ndiyo maana rotari ina kipimo chake, kinachotoa namba tatu kwa kila rota, jumla sita, halafu zinarekebishwa ziwe sawa na mwendo wa mizunguko 250 kwa dakika ili stata dhaifu isidanganye mtu. Mtu anayejiita bingwa wa rotari hana hicho kifaa? Ni sawa na fundi cherehani asiye na futi.

Na gari likafanya nini? Lile lile. Likipata moto, haliwaki. Nikarudi. "Bosi, injini bado inajilaza, endesha taratibu, kompresheni itapanda yenyewe." Nikirudi tena, wimbo ni huo huo. Ni kweli sili mpya zinahitaji muda wa kujilaza kwenye ukuta na namba hupanda kidogo. Sibishi hilo. Lakini zinajilaza kwenye ukuta upi? Ukuta uliochunika hauponi kwa kuendesha taratibu.

Nikatafuta mtu mwenye kipimo halisi. Kitabu cha Mazda kinasema injini nzima iwe kwenye bar 8.3, na ikishuka chini ya 6.8 imekwisha. Rota yangu ya mbele ilitoa 6.4, 6.3, 6.5. Ya nyuma 5.0, 4.8, 5.1. Hii ndiyo "kama mpya" niliyolipia, wakuu. Hakuna uso hata mmoja uliofika kiwango cha chini.

Tukaishusha na kuifungua. Kitu cha kwanza kilichonipokea ni silikoni nyekundu. Kwenye hii injini kuna sehemu chache za chini ya hausingi ambapo kitabu kinataka upake silikoni, tena kiasi. Wao wameizungushia kila maungio, mpaka vipande vilivyokatika tumevikuta ndani ya njia za maji. Sili za mpira zinazozuia maji yasiingie kwenye chumba cha moto hazikubadilishwa. Zilikuwa zimekauka na kubapa, ukizikunja zinakatika.

Hausingi zangu ni zile zile. Karibu na matundu ya plagi kromu imebanduka kwenye kingo, unapitisha ukucha unakwama. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanaotoka kwenye pistoni hawalijui: silinda ya kawaida ikilika unaichonga, unaweka pistoni ya ovasaizi, maisha yanaendelea. Hausingi ya rotari huichongi. Ukuta wake ni tabaka jembamba la kromu, likibanduka unatafuta hausingi nyingine, basi. Kuweka apeksi sili mpya juu ya kromu iliyobanduka ni kuzisaga hizo sili mpya. Na ndicho kilichotokea, zimeshapata mikwaruzo.

Plati za pembeni, yaani zile zinazofunika hausingi ubavuni, ndiyo usiseme. Renesis inatolea moshi pembeni, siyo kwenye hausingi kama 13B za kwenye RX-7, kwa hiyo plati na sili zake za pembeni zina kazi kubwa. Plati ikichimbika inapelekwa kusawazishwa kwa mashine, na uso wake kufanyiwa ugumu upya. Hawa wamepitisha msasa kwa mkono! Alama za msasa za mviringo zinaonekana wazi, na mfereji wa zamani upo chini yake vile vile. Sili za pembeni zenyewe zinatakiwa kusagwa moja moja na kupimwa kwa fila geji mpaka zikae vizuri na sili za kona. Zangu zina mapengo ambayo huhitaji geji kuyaona.

Kwa hiyo wamebadilisha apeksi sili na springi zake, wakapaka silikoni, wakaita oveholi. Hata koili za zamani za kuwashia plagi wamezifunga tena, na masega ya eksozi (kichujio cha moshi) yaliyoziba pia, wakati kila mtu anajua masega yakiziba joto linarudi kwenye injini na kuiua tena. Kama hawakutaka kuyagusa si wangesema?

Najua wale wa "weka LS V8 (injini ya pistoni ya GM) umalizane nayo" mko njiani. Msihangaike. Hii gari injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya mbele na mizani yake ndiyo sababu nililinunua, sitaki kuanza kuunga gia boksi na nyaya upya. Na wa "chukua injini ya mtumba", nionyesheni muuzaji anayetoa namba sita kabla hajapokea hela. Bila hizo namba unanunua ugonjwa wa mwenzako.

Ninachodai kwao ni kimoja: hela yangu yote. Wamejibu wako tayari kuifungua tena "kwa bei ya urafiki". Urafiki gani? Makubaliano yenye saini ninayo, picha ninazo, namba ninazo, na safari hii injini yangu haikanyagi tena pale.

Sasa nahitaji msaada wa waliopitia hili. Nani hapa amewahi kununua hausingi za Renesis zilizotumika zikawa nzima kweli? Naomba picha ya karibu ya kingo za kromu na eneo la plagi, siyo picha ya boksi. Na kama kuna aliyesawazishiwa plati akaendesha gari muda wa kutosha, weka namba zako sita hapa, za baridi na za moto.