MREJESHO: Jina fupi la binti, tumechagua Tunu

Wakuu, niliuliza jina fupi la mtoto wa kike, lisilozidi herufi tano, lenye maana kwa Kiswahili. Asanteni sana kwa michango. Yalibaki manne: Asha, Nuru, Nia na Tunu.

Asha ni zuri mno, ila kwenye karatasi hugeuka Aisha kirahisi, maana ndilo asili yake. Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cha shule kikasema vile, mtoto atakuja kuhangaika na hati ya kiapo ukubwani. Nuru huitwa pia wavulana, na wanaochanganya r na l watamwita Nulu. Nia, ukiliita haraka, irabu zake zinamezana.

Tunu limepita. Maana yake ni kitu adimu, cha thamani. Mkazo uko silabi ya kwanza, TU-nu, na u ya mwisho inavutika vizuri ukiita kutoka uani: Tunuuu! Jaribuni pia "Mama Tunu", kwani mtaani mama ndiye atakayeitwa hivyo kutwa nzima. Kisha liwekeni mstari mmoja na la baba na la babu. Jina fupi hukaa vizuri mbele ya refu kama Abdulrahman.

Kwenye fomu ya usajili, u ikifungwa juu kwa mwandiko wa haraka husomeka a, na Tunu inakuwa Tuna. Andikeni kwa herufi kubwa, na msome herufi moja moja kabla ya kusaini.