Kufunga hesabu ya mwaka wa safari za kazi na familia nje ya nchi: mnaanzia wapi?

Daftari_la_Njia:
Wakuu, salaam. Mwaka umekatika na safari 9 za nje: 6 za kazi, 3 za familia, na mbili kati ya hizo zimechanganyika (wa kazi alitangulia, mwenza na watoto wawili wakafuata). Mezani kuna paspoti 4, bahasha iliyotuna risiti, na picha kama 7,000 za simu mbili na kamera moja, zote zimevurugika tarehe. Lengo ni kupitia mwaka mzima mara moja, ili kodi, madai kwa mwajiri, viza za mwakani na albamu ya familia vitoke kwenye kazi hiyo hiyo. Mnaanza na nini? Na siku mnazihesabuje? Kila nchi naona ina lugha yake. Nawasilisha.

Mhesabu_Siku:
Mkuu, risiti na picha weka pembeni kwanza. Anza na siku. Jedwali la siku likishasimama, risiti itajua ni ya safari ipi na picha itajua ni ya mji upi.

Mstari mmoja uwe wa kila nchi iliyoingiwa, si wa kila safari. Safari iliyopitia Ufaransa, Uswisi na Uingereza ni mistari mitatu. Safu ziwe: nchi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, idadi ya siku, sababu (K ya kazi au F ya familia), ushahidi. Kila mtu apewe jedwali lake, maana aliyetangulia na waliomfuata hawana siku sawa.

Kwenye safu ya siku, chukua tarehe ya kutoka, toa ya kuingia, kisha jumlisha 1. Hiyo 1 ndiyo husahaulika. Kuingia tarehe 3 na kutoka tarehe 10 ni siku 8, si 7, kwa mifumo inayohesabu siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili. Safari 9 bila hiyo 1, umeshapoteza siku 9.

Ushahidi wa kwanza ni muhuri. Ukiwa umefifia au haupo, tafuta pasi ya kupandia ndege. Angalia kitu kimoja: kile kipande cha karatasi mara nyingi huandikwa siku na mwezi tu, mfano 14MAR, bila mwaka. Andika mwaka kwa kalamu leo, kwa sababu ukikifungua miaka mitatu baadaye hakikusaidii. Taarifa ya benki tumia kwa tahadhari, maana tarehe inayoonyeshwa huweza kuwa ya benki kupitisha malipo, siku moja au mbili baada ya wewe kuchanja kadi. Tiketi peke yake haithibitishi kwamba mtu alisafiri, inathibitisha kwamba alinunua.

Sasa kanuni zenyewe. Eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Watu hudhani hesabu inaanza upya Januari, au ukitoka tu. Sivyo. Kila siku uliyomo ndani, unageuka nyuma na kuhesabu siku 180, hiyo ya leo ikiwemo. Mfano kwa mwaka usio mrefu: mtu amekaa 1 Machi hadi 30 Aprili, siku 61. Akirudi 10 Julai, dirisha lake linaanzia 12 Januari, kwa hiyo zile 61 zote bado zinamdai. Amebakiwa na 29, na siku yake ya mwisho ni 7 Agosti. Siku za Machi zinaanza kumrudia moja moja kuanzia 28 Agosti. Bulgaria na Romania sasa zimo kwenye hesabu hiyo, Ireland haimo.

Kwa kodi usibebe kanuni ya viza. Mikataba mingi ya kodi inafuata mfano wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi) wa siku 183 ndani ya miezi 12, na hapo hata nusu siku ni siku, wikiendi na likizo zikiwemo mradi mtu alikuwa ndani ya nchi. Uingereza kwa kawaida huangalia ulikuwa wapi saa sita usiku. Marekani wana hesabu ya miaka mitatu: siku zote za mwaka huu, theluthi ya za mwaka jana, sudusi ya za mwaka juzi, na kikomo ni 183 (mwaka huu usipungue siku 31). Aliyekaa siku 120 kila mwaka anapata 120 + 40 + 20 = 180, amenusurika kwa siku 3. Ndiyo maana jedwali la mwaka mmoja halitoshi, la mwaka jana usilifute.

Daftari_la_Njia:
Asante mkuu, hiyo ya 28 Agosti imenifungua macho. Lakini kuna viwanja vingine siku hizi hawagongi muhuri kabisa. Na transiti niliyosubiri ndege kwa muda wa saa tisa nayo niiwekee mstari?

Mhesabu_Siku:
Transiti: kama hukuvuka kaunta ya uhamiaji, hukuingia nchini, usiweke mstari. Ukivuka, hata kwa kwenda kula na kurudi, weka.

Muhuri: Ulaya walianza mfumo wa EES tarehe 12 Oktoba 2025, unasajili kuingia na kutoka kwa alama za vidole na picha, na muhuri unaondoka. Marekani rekodi ya I-94 (ya kuingia na kutoka) inapatikana mtandaoni, ipakue na uihifadhi kwa kila safari. Isome kabla hujaihifadhi. Kosa la jina au tarehe ya kutoka isiyoonekana ni rahisi kulirekebisha mapema, pasi ya kupandia ndege ikiwa ingalipo.

Bahasha_Tupu:
Nije kwenye risiti. Piga ukucha kwenye karatasi. Ikitokea alama nyeusi, hiyo ni karatasi ya joto na maandishi yake yatafutika. Joto la gari, mafuta ya mikono, mfuko wa plastiki na dawa ya kusafishia mikono vyote huiharakisha. Hizo piga picha kwanza, kabla ya za karatasi ya kawaida. Taja faili kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, nchi, kitu na kiasi, mfano 2025-03-14_Ufaransa_teksi_38EUR. Ukianza na siku badala ya mwaka, kompyuta itazipanga ovyo.

Safari za mchanganyiko zinaamuliwa na swali moja: mtumishi angekwenda peke yake, ingegharimu kiasi gani? Tiketi ni yake tu. Teksi ya kutoka uwanjani kwenda hotelini ni ile ile awe mmoja au wanne, inadaiwa yote. Chumba ndicho chenye ugomvi: kinachodaiwa ni bei ya chumba cha mtu mmoja, si cha familia. Omba hoteli ikuandikie bei hiyo siku ya kuondoka, kwa sababu bei za vyumba hubadilika kila siku na miezi sita baadaye hakuna atakayeikumbuka. Wikiendi iliyobanwa katikati ya siku mbili za kazi waajiri wengi huikubali. Ile uliyoibandika mwishoni ni ya familia.

Ubadilishaji wa fedha: tumia kiasi ambacho benki ilikata, si kiwango cha intaneti cha siku ile. Na pita taarifa ya kadi ukitafuta amana za hoteli na magari ya kukodi. Amana huzuiwa tu, haikatwi, ila kuna zinazogeuka malipo kimyakimya, na gari hasa huja na faini au ushuru wa barabara wiki kadhaa baada ya kulirudisha. Mashine ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nyumbani au ya pale, chagua ya pale. Ukiona kwenye risiti fedha mbili na kiwango kimechapishwa chini yake, jua pale ulishapigwa.

Kamera_Moja:
Picha 7,000 usizipange kwa mkono. Tatizo lako ni moja: simu hujirekebisha saa zikivuka mpaka, kamera haijirekebishi. Tafuta tukio moja lililopigwa na vyote viwili, mfano mtoto anakata keki, soma saa kwenye picha zote mbili, tofauti ndiyo ya kusahihisha. Kama kamera iko nyuma saa 2, programu ya ExifTool inamaliza folda nzima kwa amri moja:

exiftool "-AllDates+=2" kamera

Inaacha nakala za awali zenye mkia _original, usizifute hadi uhakikishe. Fanya folda moja kwa kila safari, si mwaka mzima kwa mkupuo, kwa sababu tofauti ya Machi siyo ya Julai. Nchi zinazosogeza saa majira ya joto zitakupotosha kwa saa 1 hata mji ukiwa ule ule. Video nazo ukiona zimeruka saa kadhaa ilhali picha ziko sawa, usishangae, simu nyingi huandika saa ya video kwa UTC (saa rasmi ya dunia), si ya pale ulipo.

Picha zilizotumwa WhatsApp zimeshapoteza tarehe ya ndani. Kwenye Android jina la faili linabaki, kama IMG-20250714-WA0003, lakini hiyo ni tarehe ya kutumwa au kupokewa, siyo ya kupigwa. Mwakani mtumiane kama hati, tarehe inabaki.

Futa kabla ya kuhifadhi, na futa kwa raundi mbili: kwanza zilizotikisika na za marudio, kisha baada ya siku kadhaa zile za chakula na madirisha ya ndege. Picha za namba ya kiti, bango la maegesho na menyu huonekana takataka, lakini bango la maegesho lina tarehe na mahali. Mpelekee Mhesabu_Siku.

Kabati_la_Hati:
Naongezea machache ambayo hayajaguswa.

Paspoti za watoto huisha mapema kuliko za wazazi, nchi nyingi ni miaka 5. Ziangalie zote 4 leo. Nchi nyingi hutaka miezi 6 iliyobaki. Schengen wanataka miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Hesabu kurasa tupu za viza, zile za mwisho za maelezo hazihesabiwi. Paspoti iliyokwisha muda ikiwa na viza hai ndani, usiitupe wala usikate ukurasa wa viza, nchi nyingi zinakubali usafiri na zote mbili. Mzazi mmoja akisafiri na watoto, barua ya ridhaa ya mwenzake iwe mpya kwa kila safari, yenye tarehe na nchi. Ya mwaka jana haifai.

Kadi ya homa ya manjano: tangu 11 Julai 2016 chanjo moja ni ya maisha, na inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Hata kama kwenye kadi imeandikwa miaka 10, haijaisha. Tatizo linalorudisha watu ni jina la kadi kutofanana na la paspoti.

Madai ya ndege: kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ulioharibika ni siku 7 kuandika malalamiko, uliochelewa ni siku 21 tangu uupate, na mahakamani ni miaka 2. Ya mwaka huu mengi ya mizigo yamekwisha muda, lakini safari iliyochelewa bado. Chini ya kanuni ya Ulaya EC 261/2004, kufika ukiwa umechelewa saa 3 au zaidi kunaweza kukupa euro 250, 400 au 600 kwa kila abiria, kulingana na umbali. Inahusu ndege zote zinazoondoka Umoja wa Ulaya, na zinazoingia iwapo shirika ni la Umoja huo. Hali ya hewa mbaya inawaokoa, ubovu wa kawaida wa ndege hauwaokoi. Mtoto mwenye tiketi ya kulipiwa ni abiria kamili, mdai na yeye. Pitia jedwali lako, mstari wenye ndege iliyochelewa uwekee rangi.

Daftari_la_Njia:
Kabati_la_Hati, ndege ya kwanza ilichelewa dakika 50 tu, ila tukakosa ya kuunganisha na kufika saa 7 baadaye. Zinahesabiwa zipi?

Kabati_la_Hati:
Kama zote zilikuwa kwenye uhifadhi mmoja, kinachoangaliwa ni saa ya kufika mwisho wa safari, na saa yenyewe ni ya mlango wa ndege kufunguliwa, si ya magurudumu kugusa ardhi. Kama mlinunua tiketi mbili mbalimbali, hapo ni zile dakika 50 tu.