Mnakata muvi za zamani kimyakimya halafu mnatuuzia kama ziko nzima, hii ni dharau

Wakuu, hili nimeshindwa kukaa nalo moyoni, wacha nilimwage hapa. Naomba mtu asome mpaka mwisho kabla hajaja kuniambia ohoo wewe unatetea ubaguzi.

Nalipia huduma ya striming, jina naliacha maana hizi huduma zinafanana tabia, na sababu kubwa ya kulipia ni muvi za zamani. Juzi kati naangalia muvi ninayoijua nje ndani, nafika sehemu ninayoisubiri, picha inaruka. Mtu alikuwa anaongea, kufumba na kufumbua yuko upande mwingine wa chumba na maongezi yameshahamia kwenye jambo jingine. Nikadhani intaneti inasumbua. Nikarudisha nyuma, hola, ni palepale. Nikafungua maelezo ya muvi, hakuna onyo, hakuna taarifa, mwaka uleule, jina lilelile. Nikawaandikia huduma kwa wateja nikajibiwa kwamba maudhui yanaweza kubadilika kulingana na haki za usambazaji. Haki za usambazaji! Mtu kaingiza mkasi kwenye kazi ya mwenzake halafu ananijibu habari za usambazaji.

Na msifikiri ni kitu cha kubahatisha, kuna kesi zinajulikana kabisa. Chukueni The French Connection ya mwaka 1971, muvi iliyobeba Oscar ya filamu bora na Gene Hackman akabeba ya muigizaji bora. Mwaka 2023 watu Marekani wakagundua kwamba toleo lililokuwepo kwenye striming limepunguzwa bila tangazo lolote. Ni kule mwanzoni, polisi wawili, Popeye Doyle na mwenzake Russo, wametoka kumkamata muuza unga na Russo kajeruhiwa kwa kisu. Doyle anamwambia usimwamini mtu mweusi hata siku moja, ila yeye hasemi "mtu mweusi", anatumia lile tusi lenyewe. Russo anamjibu, angeweza kuwa mzungu vilevile. Doyle anamalizia, basi usimwamini mtu yeyote. Maongezi ya sekunde chache tu, yakaondolewa.

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa maana ndipo hasira yangu ilipo. Yale maneno hayakuwekwa pale kwa bahati mbaya. Mwongozaji anakuonyesha mapema kabisa kwamba huyu polisi unayeenda kumshangilia muvi nzima, huyu anayekimbiza treni kwa gari mpaka unashika kiti, ni mbaguzi na ni mtu hatari. Ndiyo maana mwishoni anampiga risasi afisa mwenzake kwa kumdhania adui na hata hashtuki, anaweka risasi nyingine anaendelea na msako wake. Ile sehemu ya mwanzo na hii ya mwisho zinaongea. Ukiikata ya mwanzo, nani umemlinda? Mtu mweusi aliyetukanwa hujamlinda chochote, uliyemlinda ni polisi, umemwosha uso ukamrudisha kwa watazamaji akiwa msafi. Mtoto wa miaka kumi na nane akiiangalia leo atasema kumbe mapolisi wa kwenye muvi za miaka ile walikuwa watu poa tu, wakali kidogo lakini poa.

Hiyo ndiyo faida ya mkasi, inakwenda kwa aliyekosea.

Mfano mwingine, wote humu tumekua na Tom na Jerry. Mnamkumbuka yule mama mweusi ambaye unaona miguu tu, soksi zimeshuka, ndala, ufagio mkononi, anamfokea Thomas mpaka nyumba inatikisika? Sauti ile ilikuwa ya Lillian Randolph, muigizaji mweusi, na hata wakati ule jina lake halikuandikwa kwenye katuni. Mhusika mwenyewe alikuwa kejeli, mfanyakazi wa ndani mnene asiye hata na uso, sibishi na sitakaa nibishe. Lakini tazameni studio ilifanya nini miaka ya 1960 ilipotaka kuzirusha zile katuni kwenye TV ikaona soo. Walichora upya baadhi ya sehemu, wakamtoa yule mama wakamweka mama mzungu mwembamba, na sauti wakamwita June Foray aingize kwa lafudhi ya Kiayalandi. Yaani suluhisho la kumdharau mwanamke mweusi likawa ni kumfuta kabisa na kumpa mwingine nafasi yake. Sauti ya Lillian ikaenda na maji. Sasa nambieni hapo aliyetendewa haki ni nani, mimi nimetafuta simuoni.

Na hii kazi ya kukata kwa jina la maadili ina historia chafu sana, watu wanasahau. Hollywood kuanzia 1934 mpaka 1968 ilikuwa na kanuni zake za maadili, na moja ya vitu vilivyokatazwa ni mapenzi kati ya mtu mweupe na mtu wa rangi nyingine. Anna May Wong, Mmarekani mwenye asili ya China, nyota kabisa wa wakati wake, akakosa nafasi ya mke wa mkulima wa Kichina kwenye The Good Earth ya 1937 kwa sababu mume alikuwa anaigizwa na mzungu, Paul Muni, amepakwa mekapu afanane na Mchina. Nafasi akapewa Luise Rainer, mzungu pia, naye akabeba Oscar. Hao nao walikuwa wanalinda hisia za watazamaji. Kwa hiyo mtu akiniambia tunakata ili kulinda hisia za watu, mimi swali langu la kwanza ni hisia za nani na nani kakuchagua wewe.

Haya, sasa nije kwa kundi la pili maana najua tayari wananipigia makofi na mimi sitaki makofi yao. Kuna watu kila uzi kama huu ukifunguliwa wanakuja na wimbo ule ule, watu wa siku hizi laini, zamani ilikuwa kawaida, hakuna aliyekasirika. Uongo mtupu! The Birth of a Nation, muvi ya kuwatukana watu weusi, ilitoka 1915 na mwaka huohuo NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, kilikuwa barabarani na mahakamani kupigania izuiwe, na mwaka huohuo Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, likafufuliwa likaitumia ile muvi kuvutia wanachama. Amos 'n' Andy, kipindi cha vichekesho kilichowakejeli watu weusi, kilipoingia kwenye TV 1951, NAACP walilalamika tangu mwanzo, na kituo cha CBS kikaja kukitoa kwenye mzunguko wa marudio 1966. Miaka 15 watu wanalalamika! Uingereza BBC ilikuwa na kipindi cha wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni wakiimba na kucheza, kilianza 1958 kikafungwa 1978, na malalamiko rasmi yalikuwepo tangu miaka ya 1960. Waliotukanwa walikasirika siku ileile ya kwanza, ila hawakuwa na studio, hawakuwa na gazeti kubwa la kuwasikiliza. Ukisema ilikuwa kawaida maana yake unawahesabu wale waliokuwa wanacheka tu, waliokuwa wanachekwa hujawahesabu.

Hata waigizaji wenyewe. Paul Robeson, muigizaji na mwimbaji mweusi wa Marekani, alicheza Sanders of the River ya 1935 akiamini itaonyesha utamaduni wa Mwafrika kwa heshima, ilipotoka ikawa ni wimbo wa kuusifia ukoloni wa Mwingereza, akaikana hadharani. Na kwa wasiojua, kati ya watu wa kujaza picha kwenye muvi hiyo alikuwemo Jomo Kenyatta, wakati huo yuko London. Sasa hebu fikirieni mtu mwenye akili za kulinda hisia aifute hiyo muvi, au aikate ibaki nusu. Tutapoteza ushahidi wa jinsi dola kubwa ilivyokuwa inajichora yenyewe kama baba mwema huku ikiwavalisha manyoya watu wenye akili kuliko yenyewe. Mimi nataka ibaki yote, kila dakika ya aibu, ili mjukuu wangu akiambiwa ukoloni ulileta ustaarabu aone kwa macho yake ule uongo ulivyopikwa. Na zile za Tarzan vilevile. Ile ya 1932 mpagazi anaporomoka kutoka kwenye jabali anakufa, na swali linalofuata ni ule mzigo wake ulikuwa na nini. Niliposikia ile sentensi niliganda. Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza kwa ufupi vile Mwafrika alikuwa na thamani gani mbele ya ile kamera. Mkiikata mmeninyima hiyo.

Njia sahihi ipo na imeshafanyika, ndiyo maana nakasirika zaidi. Gone with the Wind ya 1939, muvi inayoonyesha watumwa wenye furaha na mabwana wapole, huduma ya striming ya HBO Max waliiondoa Juni 2020, joto la mauaji ya George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi Marekani, likiwa juu. Watu wakapiga kelele kila upande. Mwezi uleule ikarudi, nzima, haijaguswa, ila mbele yake kumewekwa maelezo ya Jacqueline Stewart, profesa wa filamu, akieleza muvi inadanganya wapi na kwa nini bado inafaa kuonwa. Safi kabisa! Kwa sababu bila ile muvi huwezi kumuelezea Hattie McDaniel, mwanamke mweusi aliyecheza Mammy, mtumwa wa ndani. Uzinduzi ulipofanyika Atlanta hakuruhusiwa kuhudhuria sababu ya sheria za ubaguzi. Usiku wa Oscar mwaka 1940, hoteli iliyofanyia sherehe haikuwa inapokea watu weusi, ikabidi aombewe ruhusa, akawekwa kwenye meza yake kando ukutani mbali na wenzake aliocheza nao. Kutoka kwenye ile meza akainuka kwenda kuchukua tuzo, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Ukiifuta muvi umemrudisha yule mama kule ukutani, safari hii bila hata meza.

Sasa kama hilo liliwezekana kwa muvi ya karibu saa nne, inashindikana nini kwa episodi ya dakika ishirini? Mwaka huohuo 2020 Netflix na Hulu waliitoa episodi moja ya Community, sizoni ya vichekesho ya Marekani, kwa sababu mhusika mmoja kajipaka rangi nyeusi kwenye mchezo wao wa mezani. Mle mle ndani ya episodi, mhusika mweusi, Shirley, anamnyooshea kidole papo hapo na kusema ule ni uhalifu wa chuki. Yaani sizoni yenyewe ilishalikemea tendo, wao wakafuta tendo na kemeo. Hakuna mtu aliyekaa akaangalia, wamepitisha fagio tu.

Watoto ni suala lingine na hapo sina ugomvi. Disney mwaka 2021 waliziondoa Dumbo na Peter Pan kwenye akaunti za watoto wadogo, mtu mzima akaendelea kuzipata, wakati ule zikiwa na onyo mwanzoni. Sawa kabisa, mtoto wa miaka mitano hawezi kujua kwamba anadanganywa, akae na mkubwa.

Na kuna ambazo mimi mwenyewe siziangalii. Last Tango in Paris ya 1972, Maria Schneider alikuwa na miaka 19, mwongozaji na muigizaji mwenzake wakapanga jambo kwenye ile sehemu ya ubakaji bila kumwambia ili wapate fedheha yake halisi, mwongozaji alikuja kukiri mwenyewe miaka mingi baadaye. Pale machozi ni ya kweli. Hilo msije mkaliweka kapu moja na utani wa kizamani, pale kuna binti alifanyiwa. Lakini hata hiyo sitaki mtu aikate kimyakimya halafu aipange kwenye rafu kama hakuna kilichotokea, nataka iandikwe kabla haijaanza kwamba huyu binti alifanyiwa hivi, jina lake hili.

Hata Spielberg mwenyewe, mwongozaji mwenye kazi yake, mwaka 2002 alibadilisha bunduki za maafisa kwenye muvi yake ya E.T. akawawekea redio za mkononi, baadaye akajuta akasema hadharani hakupaswa kuigusa, na toleo la 2012 bunduki zikarudi. Mwenye muvi kajuta, nyie mnaokodisha tu mnapata wapi ujasiri?

Ninachotaka ni kidogo sana. Kama mmekata andikeni mmekata, dakika ngapi, nani kaamua, lini. Kama mmetoa episodi namba tano msizipange upya namba ili tusijue kuna iliyotoka. Na toleo zima liwepo mahali mtu mzima analipia analipata, na maelezo ya mtu anayejua mambo, sio mstari mmoja ulioandikwa na mwanasheria.

Wenye diski za zamani humu, msizitupe wala msigawe hovyo. Aliyewahi kuona kipande kimepotea aandike hapa jina la muvi au sizoni, ni sehemu gani, na toleo alilolinganisha nalo, lakini awe amehakiki, sitaki za kusikia kwa watu. Nakusanya, nikishapata za kutosha naandika barua kwa hiyo huduma yangu na majibu yao nitayabandika hapahapa.